Sheria inaahidi asilimia mbili, mtafiti wa Kiswahili anakopa kwenye chama

Mwaka juzi mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili alinijia ofisini na wazo ambalo, kusema kweli, lilinifanya nimwonee wivu. Alitaka kwenda Vanga na Wasini, kusini kabisa mwa pwani yetu, akakusanye msamiati wa bahari katika Kivumba. Mswahili wa baharini hasemi "upepo" tu. Ana kusi na kaskazi, ana matlai, ana maleleji pepo zinapobadilika. Maji nayo yana bamvua na maji mafu. Hayo yote yamo kamusini. Alichotaka binti huyu ni yale yasiyomo: Wavumba wenyewe wanaitaje kila kimoja, na ni maneno mangapi bado yanajulikana na vijana wanaovua kwa boti za injini?

Tulikaa tukapiga hesabu. Nauli, malazi ya majuma matatu, kinasasauti, sukari na majani ya chai ya kuwapelekea wazee. Jumla haikufika laki moja. Tukaandika ombi, tukalipeleka kwa shirika moja linalofadhili utafiti, ambalo sitalitaja. Miezi kumi na moja ilipita bila jibu, si la ndiyo wala la hapana. Mwezi wa kumi na mbili akapigiwa simu kutoka Vanga. Nahodha mzee aliyekuwa amekubali kukaa naye amtajie chombo kipande kwa kipande, alikuwa amefariki.

"Sasa nifanyeje, Prof?" aliniuliza. Sikuwa na la kumwambia.

Mwishowe alikopa kwenye chama cha mamake, akashuka pwani kwa majuma mawili badala ya matatu, akarekodi kwa simu yake ya mkononi. Bi kizee mmoja, mjane wa mvuvi, alimpokea vizuri ila akamweleza wazi: "Umechelewa, mjukuu wangu. Mwenye maneno keshakwenda. Mimi nitakupa ya ufuoni, ya ndani ya bahari sinayo."

Mpenzi msomaji, kisa hiki nakitoa kwa sababu kila mara tunapozungumzia ufadhili wa utafiti na ubunifu, mazungumzo hukimbilia maabara, chanjo, mbegu na programu za simu. Hivyo ni vitu vizuri. Lakini lugha nayo hutafitiwa, na utafiti huo una gharama. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni dogo: nani anailipa gharama hiyo nchini Kenya, na mlipaji anapokuwa yeye, sisi tunapata nini na tunakosa nini?

Hebu tuanze na sheria. Mwaka wa 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, nambari 28 ya mwaka huo. Sheria hiyo ndiyo iliyozaa NACOSTI, tume inayotoa vibali vya utafiti, ikazaa pia shirika la kitaifa la ubunifu, KENIA, pamoja na Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, inayojulikana kwa kifupi kama NRF. Kuhusu hazina hiyo, sheria haikutumia lugha ya mafumbo. Inasema itapata kutoka kwa Wizara ya Fedha, kila mwaka, kiasi kinachofikia asilimia mbili ya pato la taifa.

Watu wengi husikia "asilimia mbili" wakadhani ni asilimia mbili ya bajeti. Sivyo. Pato la taifa ni thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka mzima, na ni kubwa mara kadhaa kuliko bajeti ya serikali. Mwaka wa 2023 pato la Kenya lilikuwa takriban Sh15.1 trilioni. Asilimia mbili ya kiasi hicho inapita Sh300 bilioni. Bajeti nzima ya mwaka wa kifedha wa 2023/24 ilikuwa kama Sh3.7 trilioni. Kwa maneno mengine, sheria inataka katika kila shilingi 12 ambazo serikali inapanga kutumia, shilingi moja iende kwa utafiti. NRF haijawahi kukaribia kiasi hicho, hata kwa mbali.

Wenzangu hukasirika wakisikia hesabu hii. Mimi hasira zangu ziko kwingine. Naona waliotunga kifungu hicho walitoa ahadi kubwa kiasi kwamba kuivunja hakumwonei mtu haya. Ukiniahidi ng'ombe kumi na ukaniletea kuku, nitalalamika wiki moja kisha nile kuku. Ungeniahidi mbuzi mmoja, ningekuja kumdai mlangoni kila asubuhi. Asilimia mbili imegeuka wimbo wa makongamano. Kila msemaji huitaja, ukumbi hupiga makofi, watu huenda kunywa chai.

Zipo takwimu nyingine ambazo husemwa mara chache ila, kwangu mimi, zina uzito zaidi. Kwa mujibu wa UNESCO, mwaka wa 2010 matumizi ya Kenya katika utafiti na maendeleo yalikadiriwa kuwa asilimia 0.79 ya pato la taifa. Umoja wa Afrika umekuwa ukizihimiza nchi wanachama zifikie asilimia moja, kwa hivyo hatukuwa mkiani. Ila tazama zilikotoka fedha zenyewe. Serikali ilichangia karibu robo. Biashara za watu binafsi zilitoa kama asilimia nne. Karibu nusu, asilimia 47, zilitoka nje ya nchi. Na ikumbukwe kwamba hesabu za aina hii hujumlisha mishahara ya watafiti, majengo na mitambo, sio tu pesa za kumpeleka mtu nyanjani.

Mfano unaopendwa zaidi wa ubunifu wa Kenya ni M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Tunajivunia, na tuna haki. Wengi hawajui kwamba mradi huo ulisukumwa mwanzoni na fedha za umma, karibu pauni milioni moja, ambazo kampuni ya Vodafone ilitakiwa kuongezea kiasi kama hicho. Umma wenyewe ulikuwa wa Uingereza. Serikali yao ilikuwa na mfuko wa kushindaniwa na kampuni zilizokuwa na mawazo ya kuwafikishia maskini huduma za kifedha, na wazo hili likashinda. Kwa hiyo anayesema serikali haina kazi katika ubunifu, sekta ya kibinafsi inatosha, hana budi kutueleza kwa nini kielelezo chetu bora kilianza kwa kodi za watu wa nchi nyingine.

Nirudi kwa Kiswahili.

Ukitaka kujua Kiswahili kinatumiwa vipi hasa, neno gani huandamana na lipi, muundo gani umezoeleka na upi ni wa vitabuni tu, unahitaji kopasi, yaani mkusanyo mkubwa wa matini zilizopangwa ili kompyuta izisome. Kwa miaka mingi kopasi iliyotegemewa na wataalamu wa Kiswahili duniani imekuwa ile ya Helsinki, iliyojengwa chini ya Profesa Arvi Hurskainen. Toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25. Yaani mtafiti wa Nairobi anayetaka kuchunguza lugha inayosemwa nje ya dirisha lake, huomba ruhusa Finland. Wafini wametutendea wema mkubwa, sina neno nao. Lakini matini zao nyingi ni za magazeti na vitabu vya Tanzania, kwa hivyo Kiswahili cha Kenya, chenye "mamake" na "nyinyi nyote" na "mwaka wa 2010", kinaonekana humo kwa uchache.

Hivi majuzi hali imeanza kubadilika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Africa Nazarene waliunda Kencorpus, yenye maneno takriban milioni 5.6 na saa 177 za sauti, katika Kiswahili, Dholuo na lahaja tatu za Kiluhya: Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Ni kazi ya Wakenya, ya kupongezwa. Fedha zake? Zilitoka kwa wafadhili wa kimataifa, kupitia mfuko uitwao Lacuna Fund. Mwaka wa 2021 mradi wa Common Voice wa Mozilla ulitangaza msaada wa dola milioni 3.4 wa kukusanya sauti za Kiswahili ili mashine ziweze kukisikia na kukielewa. Waliotoa ni wakfu wa Gates na mashirika ya serikali za Ujerumani na Uingereza. Lengo lililotajwa lilikuwa huduma za kilimo na fedha.

Hapo kwenye lengo ndipo pa kusimama kidogo. Kilimo na fedha ni mambo ya maana, nani atapinga? Ila si sisi tuliokaa tukaamua kwamba Kiswahili kianze kufundishwa mashine kwa maneno ya mkopo na mbolea. Mfadhili ana shida yake anayotaka kuitatua, naye hulipia maneno ya shida hiyo. Maneno ya bamvua na maji mafu hayana mfadhili. Wahenga walishatuonya kuhusu mtumai cha nduguye, na huyu hata si ndugu.

Hebu nieleweke. Sisemi fedha za kigeni zikataliwe, wala sidai kwamba fedha za umma wetu zingekuwa safi na zisizo na upendeleo. Historia ya Kiswahili chenyewe inakanusha hilo. Mwaka wa 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ikigharimiwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Huo ulikuwa ufadhili wa umma, tena wa kudumu, na matunda yake tunayala hadi leo: tahajia moja, vitabu vya kiada vilivyokaguliwa, kamusi ya Frederick Johnson ya 1939. Lakini kabla ya kamati hiyo kuundwa, wakubwa walikuwa wameshateua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya Muyaka, kikaachwa nje na hazina yake yote ya ushairi. Kwa hivyo pesa za serikali nazo zina macho yake na upofu wake. Tofauti ni kwamba serikali yako unaweza kuiuliza bungeni, gazetini na kwenye debe. Wakfu wa ng'ambo utauuliza wapi?

Makao ya kamati hiyo yalihamahama. Yalipitia Nairobi, Kampala na Mombasa kabla ya kurejea Dar es Salaam, ambako mwaka wa 1964 kazi yake iliingizwa chuoni ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, kwa sheria ya 1967. Mwaka wa 1981 TUKI ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo wengi wetu tuliisomea hapa Kenya tukidhani ni kitabu tu kama vingine. Haikuwa hivyo. Watu walikuwa wakilipwa mshahara, mwaka baada ya mwaka, kazi yao ikiwa kukusanya maneno.

Kenya ilichukua njia nyingine. Tume ya Mackay ilitoa ripoti mwaka wa 1981, mfumo wa 8-4-4 ukaanza 1985, na Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa. Kwa agizo hilo moja, bila shilingi ya utafiti, soko la vitabu likafurika, idara za vyuo vikuu zikapanuka, na waandishi wakapata riziki (mimi mwenyewe ni zao la agizo hilo). Inaonyesha kwamba sera peke yake ina nguvu nyingi. Inaonyesha pia panapoishia nguvu hizo. Tulipata wasomaji na walimu kwa mamilioni, ila hatukupata chombo cha kufuatilia lugha yenyewe inaendaje.

Matokeo unayaona darasani. Mkenya hufundishwa "tarakilishi", Mtanzania anasema "kompyuta", na kitabu kingine kinashikilia "ngamizi". Rununu na simu ya mkononi, runinga na televisheni. Leo tuna akili bandia, akili unde na akili mnemba, zote tatu zikishindania kitu kimoja. Mimi sina shida na visawe; lugha hai huwa navyo. Ninachouliza ni hiki: kabla mtunzi wa kitabu cha kiada hajachagua "tarakilishi", kuna mtu aliyelipwa kwenda sokoni Gikomba na Kongowea kusikiliza watu wanasemaje? Kamusi zetu zimekuwa zikitungwa na wachapishaji kwa gharama zao, na mchapishaji ni mfanyabiashara, atalipia kile kitakachouzwa shuleni. Mwaka wa 2018 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Kenya. Hiyo ni miaka 51 baada ya sheria ya BAKITA, na kuidhinisha si kuunda.

Pengine tatizo limo pia katika neno lenyewe. Sheria ya 2013 tunaitafsiri kwa "uvumbuzi", shirika lililozaliwa nayo tunaliita la "ubunifu". Maneno haya si mapacha. Kuvumbua ni kukuta kile kilichokuwapo lakini hakijulikani. Kubuni ni kutunga kisichokuwapo, na ndiyo maana hadithi huitwa ya kubuni. Serikali ikisema inafadhili ubunifu, kijana anafikiria programu mpya ya simu. Mwanafunzi wangu wa Vanga hakubuni kitu. Alikwenda kuvumbua, kwa maana ya asili kabisa ya neno, na kwenye fomu ya maombi hakupata kisanduku cha kujaza. Ajabu ni kwamba Katiba ya 2010 ina nafasi yake. Kifungu cha 11 kinaitaka serikali itambue mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa, na kifungu cha 7 kinaipa jukumu la kukuza lugha za kienyeji. Ujuzi wa nahodha wa kusoma pepo ni nini kama si teknolojia ya kiasili?

Najua kuna msomaji anayesema moyoni: hospitali hazina dawa, walimu hawatoshi, nawe unadai pesa za kurekodi vizee. Ni hoja nzito, wala siipuuzi. Ndiyo maana sidai Sh300 bilioni. Miradi mingi ya lugha ni ya laki moja, laki mbili. Ninachodai ni mfuko mdogo ndani ya mfuko mkubwa, wa utafiti wa lugha na maarifa ya kienyeji, utakaojibu maombi ndani ya siku 60. Kunyimwa mapema ni ufadhili wa aina yake, kwa maana mtu hujua atafute kwingine. Wazee hawangoji vikao vya kamati.

Hali kadhalika tunahitaji mahali pa kuhifadhi. Afrika Kusini wana kituo kiitwacho SADiLaR, katika Chuo Kikuu cha North-West mjini Potchefstroom, kinachogharimiwa na wizara yao ya sayansi. Kazi yake ni kukusanya na kutunza rasilimali za kidijitali za lugha rasmi zote za nchi ile, ili mtafiti wa kesho asianze upya. Angalia kwamba ni wizara ya sayansi, sio ya utamaduni na ngoma. Walikubali kuwa data ya lugha ni miundombinu, kama barabara.

Nasi wahadhiri tusijifiche nyuma ya serikali. Ni tasnifu ngapi za uzamili na uzamifu zimejaa kwenye rafu zetu, data yake haijulikani iliko? Ni wangapi kati yetu hutafiti tu pale tangazo la kupandishwa cheo linapotoka? Nimewahi kukaa katika kikao cha kutetea tasnifu, mtahini akauliza rekodi ziko wapi, mtahiniwa akajibu simu iliibiwa kwenye matatu. Tulimpitisha. Nami nilikuwa mmoja wa waliompitisha.

Huyu binti wangu wa Vanga alifuzu, sasa anafundisha shule ya upili huko bara. Deni la chama alimaliza kulilipa mwaka huu. Saa zake tisa za sauti ziko kwenye flashi, ndani ya bahasha, kwenye droo ya meza yangu, kwa kuwa idara haina seva ya kuziweka. Wiki iliyopita niliichomeka kwenye tarakilishi kuona kama bado inafanya kazi. Ilichukua muda, kisha bi kizee akaanza kusema. Mchana huo nilikwenda mjini nikanunua flashi ya pili.